Vidonge Vilivyobaki Nyumbani na Ndege wa Ziwa Nakuru

Katika nyumba nyingi kuna kikopo au droo yenye dawa zilizobaki: nusu ya pakiti aliyoandikiwa mgonjwa akabadilishiwa, vidonge vya marehemu babu, dawa ambazo muda wake wa matumizi umepita. Siku ya usafi ikifika, wengi huzitupa chooni na kumwaga maji.

Kwa mkazi wa Jiji la Nakuru ambaye nyumba yake imeunganishwa na mabomba ya maji taka, safari ya vidonge hivyo haiishii chooni. Maji hayo huenda kwenye mitambo ya kusafishia maji taka, kama ule wa Njoro, kisha huelekea Ziwa Nakuru. Ziwa hili hupokea mito ya Njoro, Makalia na Nderit, lakini hakuna mto hata mmoja unaotoka. Maji hupungua kwa kukaushwa na jua, na ndiyo maana ziwa ni la magadi. Naivasha ni tofauti: sehemu ya maji yake hupenya chini ya ardhi na kuondoka na chumvi, hivyo maji yake si ya chumvi. Nakuru haina mlango huo. Kinachoingia hubaki, isipokuwa kile kinachooza au kuvunjwavunjwa na jua.

Mitambo ya maji taka ilibuniwa kuondoa kinyesi, uchafu na vijidudu vya maradhi. Haikubuniwa kuondoa dawa. Katika makala hii tunazungumzia makundi mawili ya dawa hizo, yale yanayochangamsha mwili na yale ya kutibu mfadhaiko (wengine huuita sonona), kwa sababu ubongo wa samaki, ndege, mbwa na binadamu hutumia kemikali zilezile.

Seli za ubongo hazigusani kabisa. Kati ya seli moja na nyingine kuna pengo dogo mno, na ujumbe huvushwa na kemikali kama dopamini, serotonini na noradrenalini. Seli ya kwanza huimwaga kemikali, ya pili huipokea, kisha ile ya kwanza huifyonza tena ili itumike siku nyingine. Dawa za kuchangamsha, kwa mfano amfetamini, huisukuma dopamini nyingi itoke kwa wakati mmoja: usingizi hupotea, njaa hupungua, mwili hautulii. Dawa nyingi za mfadhaiko, kama fluoksetini, hufanya kazi kwa upole zaidi. Huziba njia ya kurudishia serotonini, hivyo kemikali hiyo hukaa kwenye pengo kwa muda mrefu. Hata hivyo mgonjwa hapati nafuu siku hiyohiyo, bali baada ya wiki kadhaa, jambo linaloonyesha kwamba mfadhaiko si suala la serotonini kupungua tu kama inavyosemwa vijiweni.

Mengi ya haya tuliyajua kupitia wanyama. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Uswidi aliwapa sungura dawa iitwayo reserpini, ambayo humaliza akiba ya kemikali hizo ubongoni. Sungura wakalala masikio yakiwa yamelegea, hawawezi kujisogeza. Alipowadunga malighafi ambayo mwili huitumia kutengeneza dopamini, waliinuka na kutembea baada ya muda mfupi tu. Kazi hiyo ilifungua njia ya tiba ya ugonjwa wa Parkinson, na mwaka 2000 Carlsson alipata Tuzo ya Nobel.

Hapa kwetu mfano wa karibu ni miraa. Ndani ya majani mabichi mna kathinoni, kemikali inayofanana sana na amfetamini. Huharibika jani likinyauka, na ndiyo sababu miraa kutoka Meru husafirishwa mbio ikiwa imefungwa kwa majani ya mgomba. Katika maabara, nyani waliofundishwa kubonyeza kitufe ili wadungwe kathinoni walibonyeza tena na tena. Wanasayansi wa Kenya nao wameichunguza. Katika nyani wa Taasisi ya Utafiti wa Nyani iliyoko Karen, miraa ilionekana kupandisha homoni ya kiume ya testosteroni na kushusha kortisoli, homoni ya msongo. Miaka miwili baadaye, mwaka 2008, matokeo ya sungura dume yalichapishwa, nayo yalikuwa kinyume: testosteroni ilishuka, kortisoli ikapanda. Mmea mmoja, wanyama wawili, majibu mawili. Anayekuambia miraa inaongeza nguvu za kiume kwa sababu “wataalamu wamethibitisha” mwulize ni mnyama yupi aliyepimwa.

Turudi majini. Mwaka 2021 watafiti wa Jamhuri ya Cheki waliwaweka samaki aina ya trauti kwa wiki nane katika maji yenye methamfetamini, dawa haramu ya kuchangamsha, kiasi cha mikrogramu 1 kwa lita. Hiyo ni sawa na gramu moja ndani ya lita milioni moja. Walipohamishiwa maji safi, samaki hao walipungukiwa na wepesi, na kwa siku kadhaa walipopewa nafasi ya kuchagua walielekea upande wenye dawa. Walikuwa na uraibu.

Nchini Uingereza, watafiti wa Chuo Kikuu cha York waliwalisha kwezi mabuu yenye fluoksetini kidogo, kiasi kinachokadiriwa kuwa ndani ya minyoo inayoishi kwenye mitambo ya maji taka. Ndege hao walikula kidogo, na wakaacha ile desturi ya kula sana alfajiri na jioni ambayo huwavusha usiku wa baridi. Katika jaribio la baadaye, majike waliopewa dawa waliimbiwa kidogo na madume, na hata kushambuliwa. Hakuna ndege aliyekufa kwa sumu. Lakini ndege asiyekula wakati wake na asiyechumbiwa hatalea makinda, na hasara hiyo haiokotwi ufukoni kama mizoga.

Wapenzi wa ndege wanajua kwamba mabwawa ya maji taka ya Nakuru ni mahali pazuri pa kuwatazama. Ndege hufika hapo kwa sababu ya chakula: wadudu, mabuu na minyoo.

Sehemu ya dawa hutoka mwilini kwa mkojo, na hilo haliepukiki. Anayetumia dawa ya mfadhaiko kwa maagizo ya daktari asiiache kwa sababu ya makala hii. Kuikatiza ghafla huleta kizunguzungu, kukosa usingizi na hata ugonjwa kurudi. Tunachoweza kuepuka ni vidonge vizima kwenda majini. Kidonge kimoja cha miligramu 20 kinatosha kufikisha lita 20,000 za maji, karibu malori mawili, kwenye kile kipimo cha mikrogramu 1 kwa lita.

Basi usitupe dawa chooni, kwenye sinki wala mtaroni. Muulize mfamasia au mhudumu wa kituo cha afya kilicho karibu kama watazipokea. Wasipozipokea, zitoe kwenye pakiti, zichanganye na udongo au machicha ya chai, zifunge kwenye chombo kisichovuja, ndipo uzitupe na taka. Zisiende jalalani zikiwa nzima: Gioto kuna watu na wanyama wanaopekua taka hizo kila siku.

Nyumbani pia kuna mbwa. Akimeza dawa za mfadhaiko za mwenye nyumba, serotonini hupanda kupita kiasi: atatetemeka, atatapika, mboni zitapanuka, mwili utakuwa wa moto, na anaweza kupata kifafa. Usimpe maziwa wala kumlazimisha kutapika. Mpigie daktari wa mifugo mara moja, na ukienda kwake beba pakiti ya dawa ili ajue ni dawa gani na ni vidonge vingapi vilivyokuwamo. Fluoksetini hiyohiyo wakati mwingine huandikiwa mbwa wanaohangaika wanapoachwa peke yao, lakini daktari hupima uzito wa mnyama kwanza.