Dawa inayookoa mguu, na hofu ya damu kuvuja ubongoni

Ateri inayopeleka damu mguuni ikiziba ghafla, dalili hazijifichi: maumivu makali, ubaridi, ngozi kupauka, ganzi, na hatimaye mguu kushindwa kujongea. Misuli iliyokosa damu kabisa kwa takriban saa sita huanza kufa, na mgonjwa huweza kukatwa mguu.

Badala ya kumpasua ili kuondoa bonge la damu iliyoganda, madaktari wanaweza kupitisha mrija mwembamba kutoka kinenani hadi ndani ya bonge lenyewe, kisha wakadondosha dawa ya kuliyeyusha kwa siku moja au mbili. Mrija huifikisha dawa mguuni, lakini hauifungii huko. Sehemu yake huingia katika mzunguko wa damu, nayo haichagui: huyeyusha pia vibonge vinavyoziba majeraha, na hupunguza fibrinojeni, protini ambayo mwili huitegemea kugandisha damu.

Mara nyingi damu huvuja pale mrija ulipoingilia, mahali panapoonekana na kuweza kukandamizwa. Inayohofiwa zaidi ni ile ya ubongoni.

Utafiti wa TOPAS, uliofanyika Amerika Kaskazini na Ulaya na kuchapishwa mwaka 1998, uliwagawa wagonjwa 544 kati ya upasuaji na dawa ya yurokinasi. Asilimia 12.5 ya waliopewa dawa walivuja damu nyingi, ikilinganishwa na asilimia 5.5 ya waliopasuliwa. Wanne walivuja damu ubongoni na mmoja akafariki. Upande wa upasuaji hakuwepo hata mmoja. Mwaka mmoja baadaye, waliokuwa hai bila kukatwa mguu hawakutofautiana sana katika makundi hayo mawili. Faida ya dawa ilikuwa kupunguza idadi ya operesheni, na hilo si jambo dogo kwa mgonjwa ambaye moyo wake hauhimili nusukaputi.

Kwa sababu hiyo, aliyepata kiharusi au kupasuliwa ubongo hivi karibuni, au anayevuja damu tayari, kwa kawaida hapewi tiba hii. Heparini, inayozuia damu kuganda upya, huongeza hatari ikitolewa kwa kiwango kikubwa pamoja na dawa hiyo.

Wakati wote wa matibabu mgonjwa hulazwa chini ya uangalizi wa karibu. Akilalamikia kichwa kuuma ghafla, au maneno yakianza kumkwama, dawa husimamishwa papo hapo, kabla hata ya kupigwa picha ya kichwa.