Igiseke hakipandwi michikichi

Ukiteremka kutoka Bujumbura kwa Barabara ya Taifa Nambari 3, ziwa likiwa kulia kwako na milima kushoto, unafika Magara kabla ya Rumonge mjini. Huu ni ukanda wa mawese. Nyuma ya nyumba moja nilimkuta mama akichochea moto chini ya pipa lililojaa chikichi. Alikuwa kazini tangu alfajiri: kubeba mikungu kichwani kutoka shambani, kuipasua, kuchambua chikichi kati ya miiba mpaka ncha za vidole zimechanika, kuteka maji, kukusanya kuni. Vijana wa kuzungusha mashine ya kukamulia walikuwa bado hawajafika.

"Mama, shamba hili ni la nani?"

"La mzee."

"Na mafuta?"

"Ya mzee pia."

"Na wewe je?"

Akasukuma kuni ndani. "Mimi ninachemsha, mwanangu."

Nimefanya kazi na wakulima miaka mingi, na naamini ukitaka kujua kwa nini mama huyu hana sauti juu ya mafuta anayoyachemsha, uanze na mti wenyewe. Mchikichi huanza kuzaa ukiwa na miaka 3 au 4, kisha huendelea kuzaa kwa miaka 25 na zaidi. Maharage hayamtishi mtu: baada ya miezi michache yameng'olewa, na ardhi imebaki kama ilivyokuwa. Mchikichi ni shahidi asiyeondoka. Kukiwa na ugomvi wa mpaka, jambo la kwanza wazee wa kilima, yaani wa kijiji, wanaloulizana ni nani aliyepanda. Kwa hiyo mtu asiye na uhakika wa ardhi haruhusiwi kirahisi kupanda mti wa kudumu, na katika Burundi asiye na uhakika huo mara nyingi ni mwanamke.

Urithi wa ardhi nchini bado unafuata mila, na kwa mila ardhi ya baba ni ya wana wa kiume. Binti hupewa igiseke, neno la Kirundi lenye maana ya kikapu: kipande cha shamba alime, ale, awalishe wanawe, lakini si chake, na mwishowe hurudi kwa kaka zake. Anaweza kulima humo mihogo na maharage maisha yake yote. Akitaka kupanda michikichi, watamuuliza anataka kumrithisha nani.

Katiba inasema raia wote ni sawa mbele ya sheria, na Burundi iliridhia mwaka 1992 mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Lakini sheria ya urithi yenyewe haijapitishwa. Muswada umeandaliwa, ukajadiliwa, ukawekwa kando kwa hofu kwamba ardhi haitoshi. Hoja hiyo siikubali. Ardhi haitoshi kwa kaka pia, wala hakuna anayesema mdogo wa kiume asirithi.

Majirani wamekwisha kulipitia jambo hili. Rwanda, yenye vilima vilivyobanana kama vyetu, ilipitisha mwaka 1999 sheria iliyowapa watoto wa kike haki sawa ya kurithi. Tanzania nayo ina kesi ya Holaria Pastory, mama wa Kihaya aliyeachiwa shamba na baba yake kwa wosia. Alipoliuza, mpwa wake Bernardo Ephrahim akaenda mahakamani kusema mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, aliamua kwamba mila hiyo inapingana na Katiba, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ileile aliyo nayo mwanamume.

Rumonge ina kidonda cha ziada. Waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 kwenda Tanzania, waliporudi walikuta mashamba yao yanakaliwa na wengine. Binti aliyezaliwa kambini na kufiwa na baba hukohuko ana milango miwili ya kubisha: wa aliyelikalia shamba, kisha wa baba zake wadogo.

Zaidi ya ardhi, kuna suala la heshima ya kazi. Nimeona mwenye shamba akimlipa mume ujira wa siku ambazo mke ndiye aliyebeba mikungu, mke akiwa amesimama palepale. Hakuna aliyeshtuka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mkono uliofanya kazi ndio upokee pesa. Na msimamizi anayemwahidi mama kibarua kwa sharti la chumbani hafanyi utani: Burundi ina sheria ya mwaka 2016 ya kuadhibu ukatili wa kijinsia.

Wakati muswada unasubiri, upo mlango mmoja ulio wazi. Sheria ya ardhi ya mwaka 2011 iliziruhusu ofisi za ardhi za tarafa kutoa hati. Kamati hupanda kilimani, hutembea mipaka pamoja na majirani, huuliza nani anamiliki, na mwenye pingamizi husema. Jina la mke linaweza kuandikwa pamoja na la mume. Mjane anaweza kusimama na kueleza shamba ni lake kwa vipi. Ila mazungumzo hufanyika pale mpakani, kwa saa chache za asubuhi, na yule mama wa Magara saa hizo yuko kwenye pipa. Mwenyekiti wa kilima amtume mtoto akamwite, na mtu mwingine ashike moto mpaka arudi.