Ukumbi wa Kaloleni, Baraza la Nyumba Zote

Msiba ukiingia katika nyumba ndogo ya mjini, waombolezaji wataketi wapi? Na siku ya harusi, wageni watapakuliwa chakula wapi? Jamaa za Kaloleni, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, wana jawabu la tangu miaka ya 1940. Jawabu hilo ni ukumbi uliojengwa katikati ya mtaa wao.

Zamani mfanyakazi Mwafrika mjini alihesabiwa kuwa mpita njia. Alipewa mahali pa kitanda, na mke na watoto wakabaki shambani. Kaloleni ulipangwa kwa namna nyingine. Zilijengwa nyumba za mawe zenye paa za vigae, kwa ajili ya mume, mke na watoto, na nafasi ya miti na majani ikaachwa kati yake. Ukumbi ukawa baraza la nyumba zote.

Baraza hilo lilipata kazi kubwa kuliko michezo ya jioni. Tarehe 23 Aprili 1950, chama cha K.A.U. na kile cha Wahindi, East African Indian National Congress, vilikutana humo pamoja. Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama akatoa hoja kwamba nchi za Afrika ya Mashariki zipate uhuru kamili. Tarehe 15 Mei akakamatwa, na mwenziwe Fred Kubai pia. Wafanyakazi wa Nairobi wakagoma kwa zaidi ya juma moja. Makhan Singh hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961.

Uhuru ulifika mwaka 1963, lakini kazi ya ukumbi haikwisha. Harusi na mikutano ya mtaa huhitaji mahali. Tena kuna jambo zito, yaani kumsafirisha marehemu mpaka kwao. Gari, jeneza na chakula cha safari ni gharama isiyobebwa na mtu mmoja. Sharti majirani wakutane, wahesabiane na kuchanga. Ujirani bila mahali pa kukutania hulegea.

Nyumba za Kaloleni ni za kupanga, na katika baadhi yake wamekaa babu, mtoto na mjukuu. Mitaa mingine ya zamani jijini, kama Pangani, imekwisha kubomolewa ili maghorofa yajengwe. Hapana shaka watu wa Nairobi ni wengi na nyumba ni chache. Lakini mwenye kuchora ramani mpya asihesabu vyumba peke yake. Na aulize pia: siku ya msiba, waombolezaji wataketi wapi?

Nao wenyeji wana wajibu wao. Paa livujalo na kiti kilichovunjika si mambo ya kungojea. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.