Wakili aliyegeuka mhariri ili kuwasemea wanyama

Februari 1868, farasi wawili walishindanishwa mbio katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Walitoka Brighton, jirani na Boston, wakielekea mji wa Worcester, umbali wa takriban kilomita 64. Kila mmoja alikuwa akivuta watu wawili kwenye barabara mbovu. Mmoja aliitwa Empire State, mwingine Ivanhoe. Wote wawili walikufa kwa kukimbizwa kupita uwezo wao.

Habari hiyo ilitoka gazetini. Wapo walioisoma wakasikitika, kisha wakaendelea na shughuli zao. Wakili mmoja mwenye umri wa miaka 44, George Thorndike Angell, alishindwa kuendelea na zake. Aliandika barua kwa gazeti la Boston Daily Advertiser, akasema yuko tayari kutoa muda na fedha zake kuanzisha chama cha kuzuia ukatili wa aina hiyo, na kama kuna mtu mwenye nia kama yake ajitokeze.

Haukupita muda mrefu, mlango wake uligongwa. Aliyefika ni Emily Appleton, mwanamke wa familia yenye uwezo mjini Boston, ambaye tayari alikuwa ameanza kutafuta watu wa kumuunga mkono katika jambo hilohilo. Mwezi uliofuata, Machi 1868, Chama cha Massachusetts cha Kuzuia Ukatili kwa Wanyama kilisajiliwa. Angell akawa rais wake, na alishika nafasi hiyo kwa miaka 41 bila mshahara, hadi alipofariki dunia.

Mtoto wa mjane

Angell hakuzaliwa kwenye mali. Alizaliwa mwaka 1823 katika mji wa Southbridge. Baba yake, mchungaji wa kanisa la Kibaptisti, alifariki mtoto akiwa bado mdogo, na mama yake akalazimika kuishi kwa kufundisha shule. Akiwa kijana, Angell alifanya kazi katika duka la vitambaa mjini Boston. Baadaye alisoma Chuo cha Dartmouth, akamaliza mwaka 1846, kisha akawa mwalimu huku akijisomea sheria.

Alipoanza uwakili mwaka 1851 alishirikiana na Samuel Sewall, mwanasheria aliyejulikana kwa kupinga utumwa. Kazi ilimlipa. Lakini mwaka 1864, miaka minne kabla ya mbio zile za farasi, alikuwa ameandika wosia kwamba sehemu kubwa ya mali yake itumike kusambaza shuleni maandiko ya kufundisha watoto huruma kwa wanyama. Kwa hiyo barua ile ya gazetini haikutokana na hasira ya siku moja. Mtu alikuwa ameshaamua fedha zake ziende wapi akifa. Farasi wawili walimfanya aanze kuzitumia akiwa hai.

Gazeti lililosambazwa na polisi

Angell alijua jambo moja ambalo wanasheria wengi hulisahau: sheria isiyojulikana na mtu wa kawaida haina nguvu. Massachusetts ilipitisha sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama mwaka huohuo wa 1868, lakini mwendesha gari la farasi na mchinjaji wangeijuaje?

Juni 1868 akatoa toleo la kwanza la jarida la chama, Our Dumb Animals, jina lenye maana ya wanyama wetu wasioweza kusema. Zilichapishwa nakala 200,000. Kwa jarida changa, hiyo ilikuwa idadi ya kushangaza. Ugawaji wake ulishangaza zaidi, kwa sababu polisi wa Boston walisaidia kuzipeleka nyumba kwa nyumba.

Uhariri wake ulikuwa wa mtu anayetaka kusomwa na kila mtu. Habari zilikuwa fupi, picha zilikuwepo, na visa vya mbwa, farasi na ndege viliandikwa kwa lugha ambayo mtoto angeweza kumsomea baba yake. Mwaka 1869, akiwa Ulaya kupumzisha afya yake, aliwashawishi viongozi wa chama kikongwe cha kutetea wanyama cha Uingereza waanzishe jarida lao. Walianzisha mwaka huohuo, wakaliita The Animal World.

Ng'ombe kwenye mabehewa

Habari za mbwa na ndege zilimletea marafiki. Suala la ng'ombe lilimletea upinzani, kwa sababu liligusa biashara.

Wakati huo ng'ombe, nguruwe na kondoo walisafirishwa kwa reli kutoka majimbo ya magharibi, wakipitia Chicago kwenye zizi kubwa la mifugo lililofunguliwa mwaka 1865, hadi miji ya mashariki. Safari ilichukua siku kadhaa. Wanyama walishindiliwa kwenye mabehewa bila maji, bila chakula na bila nafasi ya kulala. Wengine walikufa njiani. Waliofika walikuwa wamekonda, wamejeruhiwa na kuvilia damu.

Angell alikwenda Chicago mwishoni mwa mwaka 1870, akakaa huko miezi kadhaa kwa gharama yake mwenyewe, akasaidia kuanzisha chama cha kutetea wanyama cha jimbo la Illinois. Mwaka 1872 akachapisha kijitabu kuhusu usafirishaji wa ng'ombe nchini Marekani.

Humo alionyesha alivyowaelewa wasomaji wake. Hakutegemea huruma peke yake. Alihoji mlaji wa Boston anauziwa nyama ya namna gani, ikiwa mnyama amefika na homa, kiu na vidonda. Hoja hiyo ilimgusa hata mtu asiyejali ng'ombe hata kidogo, maana kila mtu anajali sahani yake.

Mwaka 1873 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyokataza kusafirisha mifugo kwa reli zaidi ya saa 28 mfululizo bila kuishusha, kuilisha, kuinywesha na kuipumzisha kwa angalau saa 5. Aliyekiuka alitozwa faini ya kati ya dola 100 na 500. Angell alikuwa mmoja wa sauti nyingi zilizoidai. Hata hivyo, utekelezaji ulikuwa dhaifu kwa miaka mingi, hadi ikabidi sheria hiyo iandikwe upya mwaka 1906.

Vita dhidi ya uchakachuaji

Kutoka kwenye nyama iliyoharibika njiani, haikuwa mbali kufika kwenye bidhaa zilizoharibiwa dukani. Mwishoni mwa miaka ya 1870 Angell aligeukia uchakachuaji. Alikusanya taarifa za vyakula vilivyochanganywa na vitu vya bei rahisi au vyenye madhara, na za karatasi za kubandika ukutani zilizotiwa rangi yenye sumu ya arseniki. Alihutubia mikutano na kupeleka malalamiko Washington.

Hapa alijipatia wakosoaji wapya. Baadhi ya wataalamu wa afya walimlaumu kwa kukuza mambo na kuwatia watu hofu. Lawama hizo hazikuwa bure kabisa, maana Angell alikuwa mwepesi wa kuamini taarifa iliyounga mkono hoja yake. Lakini tatizo lenyewe lilikuwepo, na Marekani ilipata sheria ya taifa zima ya usalama wa chakula na dawa mwaka 1906, zaidi ya robo karne baada ya yeye kuanza kupiga kelele.

Kitabu kilichopita mikononi mwa waendesha farasi

Mwaka 1882, pamoja na mchungaji Thomas Timmins kutoka Uingereza, Angell alianzisha nchini Marekani vikundi vya watoto vilivyoahidi kuwatendea wanyama wema. Mwaka 1889 akaunda taasisi ya elimu ya huruma, ambayo ilihitaji kitabu cha kufundishia.

Kitabu hicho kilimfikia mwaka 1890 kutoka ng'ambo. Kiliitwa Black Beauty, riwaya ya Anna Sewell, mwanamke wa Kiingereza aliyekuwa na ulemavu wa miguu tangu utotoni na aliyetegemea farasi ili kutembea. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1877, naye mwandishi akafariki miezi michache baadaye. Msimulizi ni farasi mwenyewe, anayepita mikononi mwa bwana mmoja baada ya mwingine.

Angell alikichapisha kwa bei ndogo na kukigawa kwa waendesha farasi, wafanyakazi wa mazizi na watoto wa shule. Ndani ya miaka michache nakala zilizidi milioni moja. Kitabu kilisaidia kuamsha chuki dhidi ya hatamu za kuvuta kichwa cha farasi juu ili aonekane na madaha, hatamu zilizomtesa shingo na pumzi.

Jambo hili nalo lina doa lake. Angell alikichapisha bila kulipa haki ya mwandishi. Kabla ya mwaka 1891 sheria ya Marekani haikulinda kazi za waandishi wa nje, na wachapishaji wengi walifanya vivyo hivyo. Aliyetetea haki ya farasi hakuona shida kuchukua jasho la mwandishi wa nchi nyingine.

Kwa upande mwingine, taasisi yake iliwapa waandishi jukwaa. Iliendesha mashindano ya hadithi zenye mafunzo kama hayo, na kutokana na shindano mojawapo alijulikana Marshall Saunders, mwanamke wa Kanada aliyeandika Beautiful Joe, hadithi ya mbwa aliyeteswa na kuokolewa. Nayo iliuzwa zaidi ya nakala milioni moja.

Mazishi yenye farasi 38

Angell alifariki Machi 1909 akiwa na miaka 85. Katika msafara wa mazishi walitembea farasi 38 wa kazi, wamefungwa alama za maombolezo kwenye hatamu zao. Mwaka 1915 ilifunguliwa hospitali ya wanyama yenye jina lake mjini Boston, na ingali inatibu wanyama hadi leo.

Mpakani leo

Hoja ya Angell kuhusu ng'ombe wa Chicago haihitaji kutafsiriwa kwa anayevusha mifugo Afrika Mashariki. Ng'ombe anayesimama kwenye lori siku nzima akisubiri karatasi mpakani, bila maji, hupungua uzito kabla hajafika mnadani, na hasara ni ya mwenye mali. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Anayesafirisha mifugo kati ya nchi hizi mbili huwajibika kwa zote mbili, kila moja upande wake.

Punda nao wamefika kwenye meza za wakuu wa nchi. Februari 2024, mkutano wa Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa ulikubali kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, biashara iliyokuwa ikilisha viwanda vya dawa za asili China. Kilio kilianzia kwa watu wa kawaida: wachota maji, wabeba mizigo na wakulima walioamka asubuhi wakakuta punda wao ameibwa. Kwao, kumtetea punda kulikuwa kutetea riziki.

Angell angewaelewa. Alianza na farasi wawili waliokufa barabarani, lakini aliyewashawishi wafanyabiashara wa wakati wake ni ng'ombe aliyefika sokoni akiwa amekonda.