Anayesoma Polepole si Mzembe

Msitu wa bonde la mto Sigi, chini ya Amani katika milima ya Usambara, una sifa duniani kwa wingi wa aina za viumbe wake, na mwaka 1997 Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilianzishwa ili kuulinda wingi huo. Miaka hiyohiyo, Judy Singer, mwanasosholojia wa Australia, alikuwa miongoni mwa waliotaka akili za binadamu zitazamwe kama msitu: usonji, disleksia na hali ya mtoto kutotulia ziwe sehemu ya tofauti zetu za kimaumbile, wala zisihesabiwe kuwa kasoro tupu.

Katika shule za msingi za Usambara, tofauti iliyo rahisi kufichika ni disleksia. Haitokani na macho mabovu wala akili ndogo, na mara nyingi huonekana katika ukoo mmoja. Ubongo hupata shida kuunganisha sauti na herufi zake.

Kiswahili huificha zaidi kwa sababu huandikwa kama kinavyotamkwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 uliwapima wasomaji wenye disleksia wa Uingereza, Ufaransa na Italia. Waitalia, ambao maandishi yao nayo hufuata matamshi, walikosea kidogo kuliko wenzao. Hata hivyo, picha za ubongo zilionyesha udhaifu uleule, upande wa kushoto, kwa wote.

Kwa hiyo mwalimu wetu asitegemee makosa pekee, atazame mwendo. Mpe mtoto mwenye disleksia sentensi yenye neno “hawatakusubiri”. Atalivuta silabi kwa silabi, ha-wa-ta-ku-su-bi-ri, bila kukosea hata moja, lakini akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshamtoka. Darasa linacheka, naye anaitwa mzito.

Hapa milimani kuna jambo jingine la kuangalia. Wapo watoto wanaoingia darasa la kwanza wakiwa na Kisambaa tu. Asiyekijua Kiswahili atakwama katika kuzungumza na katika kusoma pia. Mwenye disleksia anaweza kukusimulia hadithi nzima kwa ufasaha, kisha akashindwa na mistari mitatu ya kitabu.

Kumsaidia hakuhitaji mashine. Kadi iwekwe chini ya mstari anaosoma, silabi zifundishwe kwa kupiga makofi, swali asomewe kwa sauti, aruhusiwe kujibu kwa mdomo, na asisimamishwe ghafla kusoma mbele ya wenzake. Tena apewe nafasi ya kung'ara pale anapoweza: kusimulia, kuchora, kuongoza bustani ya shule.

Lushoto, hukuhuku Usambara, si ngeni katika kazi hii. Irente kuna shule ya Rainbow, ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT, kwa watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Magamba, chuo kikuu chenye jina la Askofu Sebastian Kolowa kilianza mwaka 2007 kikitilia mkazo elimu ya mahitaji maalumu. Lakini mwenye disleksia hahitaji kupelekwa shule ya peke yake. Yumo darasani kwako tayari, mwalimu. Kabla hujamwandika mzembe, msikilize akisoma, kisha msikilize akisimulia. Tofauti kati ya hayo mawili ndiyo itakayokuambia uanzie wapi.