Namna ya Kumwuliza Mtaalamu wa Kilimo

"Mahindi ya wanachama yanaliwa na wadudu, tunaomba msaada." Swali la namna hii likimfikia mtaalamu, iwe kwa barua au kwa simu, halina jibu. Itambidi naye aulize, katibu ajibu, kisha aulize tena. Na siku zinazopotea hivyo ni chakula cha viwavi.

Kwa vyama vya Mollo na Ufipa nzima jambo hili si dogo. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi, wadudu wenye asili ya Amerika, waligunduliwa nchini, na Rukwa ilikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza kuvamiwa. Wakulima walikwisha wazoea funza wa mabua na viwavijeshi wa kawaida. Kwa hiyo neno "wadudu" laweza kuwa na maana tatu au zaidi, na kila mmoja ana njia yake ya kuzuiwa.

Katibu na aende kwanza shambani, amtazame mdudu kwa makini. Kiwavijeshi vamizi aliyekua ana alama mfano wa herufi Y iliyopinduliwa usoni, na madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba karibu na mkia. Aandike pia mdudu amekutwa wapi: juu ya majani, katika moyo wa mhindi, au ndani ya bua. Tarehe ya kupanda na aina ya mbegu zisisahauliwe. Kisha ahesabu mimea 100 katika sehemu mbalimbali za shamba na kutaja mingapi imeshambuliwa, kwani "mingi sana" si hesabu.

Habari za dawa iliyokwisha pulizwa ndizo zinazofichwa zaidi, pengine kwa haya. Hata hivyo ndizo zenye faida kubwa. Jina linakiliwe kutoka kwenye chupa, pamoja na kipimo, siku na saa. Dawa iliyopulizwa jua kali huenda isimfikie kiwavi aliyejificha moyoni mwa mhindi, na kiwavi aliyekwisha kuwa mkubwa hafi kwa urahisi; mtaalamu asiyeambiwa hayo aweza kuilaumu dawa isiyo na kosa, na mwanachama akanunua nyingine bure.

Picha ya simu ipigwe karibu, mdudu aonekane; shamba zima lililopigwa kutoka barabarani halisaidii.

Swali lipelekwe kwanza kwa ofisa ugani wa kata. Likimshinda, maelezo hayo hayo yapelekwe kituo cha utafiti cha Uyole, Mbeya. Jibu libandikwe kwenye ubao wa chama pamoja na swali lake.