Mama wa Jikoni Naye Apumzike

Masomo: Marko 6:30-34, Kumbukumbu la Torati 5:12-15, Yohana 21:9-13



Katika makanisa yetu, tukisikia neno retreti, wengi tunafikiri mara moja juu ya kufunga siku tatu, kukesha na kupanda mlimani kuomba. Retreti hiyo ni njema, hatuiondoi. Lakini kuna retreti nyingine ambayo hatujaizoea: kanisa linatoka pamoja mwisho wa juma, linakwenda mahali pa utulivu, watu wanakula, wanalala, wanazungumza na kuomba bila haraka. Wasikilizaji wametuuliza: je, huo si uvivu? Mungu atapendezwaje na watu wanaokaa kando ya ziwa bila kufunga? Leo tunataka kueleza.

Tuanze na Neno. Mitume walirudi kwa Yesu kutoka kazini. Walikuwa wamehubiri, wametoa pepo, wameponya wagonjwa. Watu walikuwa wengi kiasi kwamba mitume hawakupata nafasi hata ya kula. Yesu hakuwaongezea kazi. Aliwapandisha katika chombo, waende mahali pa faragha wapumzike. Tuangalie vizuri: waliochoka walikuwa watumishi waliotumwa na Bwana mwenyewe, na uchovu wao haukutoka kwa dhambi.

Tumkumbuke na Eliya (1 Wafalme 19). Baada ya ushindi mkubwa alikaa chini ya mti akaomba afe. Malaika hakumkemea, wala hakusema ana pepo. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Ndipo Eliya akapata nguvu ya kufika Horebu, na huko akasikia sauti ya Mungu. Chakula na usingizi vilitangulia ufunuo.

Sasa tujiangalie sisi wenyewe. Mama anatoka alfajiri kwenda sokoni. Jioni ana mazoezi ya kwaya, katikati ya juma ana maombi, siku ya tano ana mkesha, na siku ya Mungu yuko kanisani mpaka mchana. Tena, miaka hii ya vita huku kwetu Kivu, nyumba nyingi zimepokea wakimbizi, na usingizi wenyewe ni wa kusikiliza mlango. Mtu wa namna hiyo akilia katika maombi, mara nyingine tunasema ameguswa, kumbe hajalala tangu juzi. Mchungaji wa kweli anajua kutofautisha hayo mawili.

Basi retreti ya mapumziko inapangwaje?

Siku ya tano jioni watu wafike kabla ya giza. Wale, washukuru kwa maombi mafupi, walale. Usiku huo usiwe na mkesha. Siku ya posho asubuhi kuwe na nyimbo na somo moja tu, si matatu. Kisha watu watembee wawili wawili au watatu watatu, wazungumze habari za maisha yao na kuombeana. Mchana watoto wacheze, na wazee waeleze namna kanisa lilivyoanza mahali petu, maana vijana wengi hawajui. Usiku tukae kwenye moto kwa ushuhuda. Siku ya Mungu tushiriki Meza ya Bwana, tufunge mizigo, turudi mapema. Siku hizo mbili komite isikutane, na mchango wa ujenzi usitajwe. Mambo hayo yatatungoja nyumbani.

Lakini kuna jambo moja linaloharibu retreti nyingi, nasi tunaungama kwamba liliharibu ya kwetu pia. Tulirudi tukifurahi, tukamwuliza mama mmoja kama amepumzika. Akajibu kwa upole: “Mimi nilikuwa jikoni siku zote mbili. Mahubiri niliyasikia kupitia dirishani.” Tulinyamaza. Sisi tulipumzika, yeye alibeba mapumziko yetu kichwani pamoja na sufuria.

Amri ya Sabato haikutolewa kwa baba wa nyumba peke yake. Katika Kumbukumbu la Torati, Mungu anamtaja mtumwa na mjakazi, hata ng'ombe na punda, na anataka watumishi wapumzike sawasawa na bwana wao. Anawakumbusha Israeli kwamba nao walikuwa watumwa Misri. Kwa hiyo pumziko linalochosha wengine si Sabato bado.

Tumejifunza hivi: jikoni tuingie kwa zamu, na akina baba wawe na zamu yao, mashemasi na wachungaji pamoja nao. Maharagi yachambuliwe na sombe itwangwe nyumbani kabla ya kuondoka. Chakula kiwe rahisi: bugali, sambaza, viazi. Kila mtu aoshe sahani yake. Baba anayeona haya kuwasha makala asome Yohana 21: Bwana aliyefufuka aliwasha moto wa makaa, akaweka samaki na mkate, akawaita wanafunzi waliochoka waje wale.

Kuhusu feza, tusiogope. Haihitajiki hoteli. Uwanja wa shule au wa parokia ya jirani unatosha. Kila nyumba ilete kipimo chake cha unga au maharagi, na asiye na kitu aje vilevile, bila kuulizwa mbele ya watu. Mkuu wa mtaa apewe habari mapema, na tusitembee usiku.

Wanaotaka kuvuka ziwa wawe na akili. Mwezi wa kumi 2024, chombo kilichojaa kupita kiasi kilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, na watu wengi wakafa. Kusema “Mungu atatulinda” huku tumepakia kupita kipimo ni kumjaribu Bwana. Kila mtu, hata mtoto, avae jile ya kuokolea. Zikikosekana, tubaki ng'ambo hii. Mungu yuko ng'ambo zote mbili.

Tena tujue kwamba pumziko linaweza kukatizwa. Mitume waliposhuka walikuta umati unawangoja, na Yesu akawahurumia watu wale. Kazi haikuisha. Lakini Bwana alikuwa ameonyesha moyo wake: anatupenda hata tusipokuwa tukifanya kitu.

Siku ya posho ijayo, kabla ya kupanga retreti, tuulizane kanisani: kwetu ni nani hajapumzika muda mrefu? Tuanze na huyo.

Bwana awabariki. Amina.